Mashine Haikunisoma

Kijana wa kusajili laini, pale Kirumba,
alinishika kidole gumba kama anayebonyeza kengele ya mlango.
"Bonyeza tena, mama. Futa jasho."
Sina jasho. Taa nyekundu.
Bonyeza. Nyekundu.
"Mama Lushinge, kwani alama zako umezipeleka wapi?"
Foleni ikacheka, nami nikacheka,
kicheko kidogo, saizi ya mdomo nilionao sasa.

Ilianzia kwenye barafu.
Miaka kumi na minne nilipanga minofu ya sangara kiwandani,
na asubuhi moja vidole vikawa vyeupe kama mshumaa,
kisha buluu, kisha vyekundu, vinawaka,
bendera ya nchi nisiyoijua.
Nikasema ni baridi. Msimamizi akasema ni uvivu.
Lakini Jumapili, nyumbani Igogo, jua la saa saba,
nilishika tu kikombe cha maji ya mtungi:
vyeupe tena.

Halafu ngozi ikaanza kunibana
kama gauni la kuazima kwa mdogo wangu.
Pete ya Masalu ilikatwa na fundi baiskeli.
Mikunjo ya uso ikaondoka mmoja mmoja, bila kuaga.
"Umerudi usichana!" wananiambia kanisani,
"tupe na sisi hayo mafuta."
Sikuwaambia kwamba hindi la kuchoma silitafuni tena,
kwamba kijiko cha wali hakipiti, nakulia cha chai,
kwamba usiku kiungulia kinapanda mpaka kooni
nami nalala nimeketi, mito mitatu mgongoni,
kama abiria wa meli ya Bukoba aliyekosa kitanda.

Mama mkwe alitaja jina la jirani.
Wifi akataja mganga, na bei ya mbuzi mweusi.
Mimi nikapanda Bugando,
nikipumzika mara nne kwenye mlima ule ule
niliokuwa naupanda na mtoto mgongoni, huku naimba.

Daktari Kokusima alijaribu kunifinya mkono.
Haukufinyika.
Akasikiliza mapafu, chini kabisa, akafumba macho.
"Kuna sauti," akasema,
"kama mtu anayekanyaga dagaa wakavu."
Kisha akalitaja: skleroderma.
Nikamwomba alirudie mara tatu,
jina refu hivyo huwezi kulichukua kwa mkono mmoja.

"Mwili una walinzi. Wako wamemkamata mwenye nyumba.
Wanapiga filimbi usiku na mchana,
na mafundi wanakuja kuziba jeraha lisilokuwepo,
gundi juu ya gundi,
ngozini, kooni, kwenye mapafu,
na hakuna wa kuwaambia kazi imekwisha."

"Nimerogwa?"
"Hapana."
"Nitamwambukiza Lushinge?"
"Hapana."
"Nitapona?"
Akatazama dirishani, ziwa lilikuwa la kijivu siku ile.
"Tutaupunguza kasi. Vidole viwe na joto.
Presha ipimwe; ikipanda ghafla ni figo, usingoje kesho."
Nilimpenda kwa kutonidanganya.
Nililia kwenye ngazi, lakini nilimpenda.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Wakaishia kwenye nguo.
Wangesogea kidogo tu wangenikuta.

Asubuhi Lushinge ananifunga vifungo vya blauzi,
ana miaka tisa na ulimi nje kwa umakini,
kama nilivyokuwa nikimfunga yeye.
Anaruka kimoja. Simwambii.

"Tujaribu cha mwisho," kijana akasema,
na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka.
Kidole kidogo, cha kushoto,
kile nisichowahi kukitumia kwa lolote
zaidi ya kujikuna sikio.
Kijani.
Nyanzobe Kulwa Masalu, mashine ikaandika,
kama vile haikuwahi kunikana.

Nikavaa glavu zangu za sufu,
katikati ya joto lile la Kirumba.
Foleni nzima ikageuka.
Nikawaachia watazame.