Chupa Ishirini na Nne

Siku ya tano ndoo bado inabwabwaja.
Ncha ya mpira imezama kwenye kopo la maji:
bwi, bwi, kisha kimya, kisha bwi,
nami nimechuchumaa, nahesabu kwa saa ya simu.

Chilewa ameshaosha chupa,
zimelala midomo chini juu ya chanja.
"Jaza! Jumamosi wageni wanafika kutoka Mpwapwa."
Nikasema bado.
Uwele huu niliupura mwenyewe kule Handali,
nikauloweka, ukaota mikia myeupe,
nikauanika, upepo wa Julai
ukawagawia kuku wa jirani fungu lao.
Niuharakishe leo kwa sababu ya wageni?

Wageni walikuja. Walikunywa chai.

Siku ya tisa kopo likanyamaza.
Nikangoja ya kumi, kwa woga tu.
Kijiko cha sukari, chupa, kizibo, nyundo.
Kijiko, chupa, kizibo.
Kwenye ya kumi na saba nikasahau kama nimetia,
nikatia tena.

Usiku wa nne, chini ya kitanda: paa!
Mbuzi wa mama Sechelela wakalia.
Chilewa akatoka na panga kumtafuta mwizi,
akarudi nyayo zinanata.

Zimebaki ishirini na tatu.
Kila asubuhi naikamata moja shingoni,
naiinua kwenye mwanga wa dirisha:
tope linashuka taratibu, kama vumbi la barabarani
basi la Kongwa likishapita.

Leo kidole gumba kiko juu ya kizibo.
Nakiondoa.
Kesho, labda.