Gramu Mia na Sabini na Tatu

Vijiti vya kupimia sukari vimekwisha tangu Jumatatu.
Basi nimetoa mizani, nimetoa na ile chupa nyeupe
ambayo Ditend huiita chumvi ya wavivu,
kwa kuwa haikolezi mboga, haing'arishi sufuria,
na sokoni Katuba hakuna anayeiulizia.
Sitireti ya sodiamu. Gramu mia na sabini na tatu.

Inayeyuka upesi, haina majivuno.
Magadi nayo, gramu mia, maji ya uvuguvugu
(umeme umekatika, nachemsha kwa makala).
Kisha, katika bilauri ya pembeni,
mrututu:
shaba iliyovaa buluu.

Hapa Lubumbashi neno hilo halitamkwi hivi hivi.
Shaba ilitununulia viatu vya shule.
Shaba ilimpa baba posho ya unga na maharagwe,
ikamwachia kikohozi na kofia ngumu isiyo na kazi.
Kile kilima cheusi cha taka zake bado kinautazama mji
kama mgeni aliyeshiba akasahau kuaga.

Ukiimwaga shaba ovyo kwenye magadi
inanuna, inaganda, inazama kama tope.
Ndipo chumvi ya wavivu inapofanya kazi:
inaishika mkono,
haiibani, haiiachi,
inaiambia, ngoja kwanza.
Ni hiyo hiyo, katika vichupa vya vifuniko vya buluu,
sehemu moja kwa tisa za damu,
inayoishika kalisiamu
damu isigande njiani
kutoka wodi ya wazazi hadi mezani kwangu.
Ujuzi wake wote ni huo: kuchelewesha.

Alhamisi akaja baba.
Hakusema anaumwa. Alisema mama yako ananisumbua,
eti sisimizi wamepanga mstari ukutani chooni,
eti naamka mara nne usiku, eti namaliza mtungi.
Mkojo wake ulikuwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
ameifunga kwa gazeti, kama deni.

Matone manane.
Dakika mbili, kwa saa yake mwenyewe,
ile waliyompa alipotimiza miaka ishirini na mitano tanuruni.

Buluu.
Kijani, maji ya sombe.
Njano. Hapo nikaomba ibaki,
na mimi ndiye ninayewafundisha wanagenzi
kwamba kipimo hakiombwi.
Chungwa.
Kisha nyekundu, nzito, ikishuka taratibu,
nyekundu ya kichuguu kilichokatwa kufyatua matofali.

Baba akainama. Akavua miwani, akavaa tena.
"Hiyo ni shaba."
Ndiyo, baba.
"Ilikuwa wapi?"
Ilikuwa humo humo. Ilikuwa imeshikwa.
"Na nani ameiachisha mkono?"
Sukari, baba. Yako.

Akanyamaza jinsi watu wa tanuru wanavyonyamaza,
macho yakiwa bado kwenye kile kinachong'aa.
Nikafungua daftari, nikaandika jina lake
kama ninavyoandika ya watu,
Chisenga, miaka sitini na minane,
na mbele yake alama: + + + +

Akahesabu kwa kidole. "Misalaba minne?
Babu yangu alitoa ya shaba, minne tu,
akapewa mke."
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
nikamshika mgongo hadi kilipotulia.

Halafu akauliza, taratibu, bila kunitazama,
kama munkoyo uliobaki nyumbani
anaweza kuumaliza.
Nilikuwa naosha kichupa.
Ile nyekundu haitoki kwa maji.