Mgeni wa Kusi

Mwezi wa sita, kusi likishaanza kuvuma
na sisi wa Shanzu tukatoa mashuka mazito,
Kariithi huteremka kutoka Kinangop
na kombi lake la rangi ya maziwa lala,
kitanda ndani, jiko la gesi, pazia la maua
alilolishona marehemu mkewe.
Hupiga honi langoni mara moja. Mara moja tu.
"Mama Kiwanja, nafasi yangu ipo?"
Kana kwamba kuna mwaka iliwahi kuota miguu.

Nafasi yake ni ile ya tatu, karibu na bomba,
chini ya mivinje, mbali na choo.
Shilingi mia tano kwa usiku, maji ndani ya bei,
stima kila mtu na tokeni zake.
Wako na wengine: Chepng'eno, nesi mstaafu wa Molo,
na askari jela mmoja wa Ol Kalou
asiyezungumza kabla ya saa nne.
Wote wamekimbia kitu kimoja.
Wanakiita baridi, lakini wakikitaja
hushika magoti, kama mtu anayemtaja mdai.

Mama yangu huwatazama, kajitanda leso mbili:
"Wana wazimu hawa. Baridi yote hini, wavua nguo!"
Na Kariithi yuko na fulana ya ndani,
kanyoosha miguu kama anayeanika muhogo
kwenye jua la Julai, jua la kuombaomba,
mara lipo, mara wingu.
Anasema mifupa ya bara ina kutu.
Anasema alikaa posta miaka thelathini na miwili
akigonga muhuri barua zinazokwenda kwenye joto.

Kunguru walimjua siku ya pili.
Walimwibia sabuni, kijiko, nusu ya hamri.
Mwaka wa kwanza aliwarushia mawe.
Mwaka wa nne nilimsikia akimsalimia mmoja
kwa Kigikuyu, taratibu, akasubiri ajibiwe.

Wasema mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Huyu sikumpa kitu. Aliuchukua ufagio mwenyewe,
akafagia sindano za mivinje
mpaka ndani ya kiwanja cha jirani,
nikagombana na jirani wiki nzima.

Agosti ikiisha hufunga pazia, hupima upepo wa magurudumu,
na huniachia kitu. "Niwekee."
Mwaka wa kwanza birika. Kisha kiti cha kukunja.
Kisha viatu, na bao la drafti
na vizibo vyake ndani ya kopo la majani ya chai.
Stoo yangu inajaa mtu, kidogo kidogo.

Mwaka jana aliniachia sweta,
nzito, ya kijani, kiwiko kimoja kina kiraka.
Sweta ya kike.
Nikamwambia, "Hii si ndiyo inayotakiwa huko?"
Akaliangalia bomba kama ndilo lililouliza.
"Wacha ikae. Huko ishapata baridi ya kutosha."

Januari. Kaskazi, joto la kulala sakafuni,
tokeni zote zinaliwa na feni.
Akanipigia simu: jalidi imeunguza viazi.
Imeunguza?
"Ee. Asubuhi shamba jeupe, mchana jani jeusi."
Mimi sijavuka Mariakani.
Niliishikilia simu hata alipokwisha kukata,
nikilizungusha neno lile mdomoni:
baridi inaunguzaje?

Nikafungua stoo kuanika vitu.
Sweta ilinukia moshi wa kuni nisizozijua.
Nikatazama huku, nikatazama huku. Mama amelala.
Nikaivaa. Nikafunga vifungo vyote hadi shingoni,
nikasimama nafasi ya tatu, karibu na bomba,
jasho likinitiririka mgongoni,
nikisubiri.

Kunguru mmoja akatua juu ya mvinje,
akainamisha kichwa,
akaniangalia
kama anayetaka kukumbuka jina.