Kilo Mbili na Robo

Mizani ya jikoni, ile mama aliyopimia unga wa keki,
inasema kilo mbili na robo.
Naandika hivyo kwenye tangazo:
jike, miezi saba, mweusi mwenye nyusi za hudhurungi,
amechanjwa, ngazi bado hajazijua.
Jina lake Fazolka, yaani haragwe.

Sikuandika kwamba mama alianguka bafuni mwezi wa kwanza
na haragwe hili likabweka saa nne mfululizo
mpaka Bwana Šebesta wa ghorofa ya tatu,
asiyependa mbwa wala watu,
akapanda kuja kugomba
na kuukuta mlango umerudishwa tu.

Kule walikompeleka mama kuna mapazia safi,
na supu saa tano na nusu juu ya alama.
Mbwa hawaruhusiwi.
Nami naendesha tramu namba nane, zamu ya alfajiri,
Ostrava nzima ingali imejifunika blanketi.
Nimejaribu wiki sita. Kila nikirudi
namkuta pale pale mlangoni
juu ya kiatu cha mama,
kimoja, cha kushoto.

Wa kwanza alikuja na mkoba.
Akamtia ndani, akajitazama kwenye kioo cha ukumbini.
"Ananitosha," akasema.
Nikamtoa polepole,
kama mtu anayeutoa mkono wa mwizi mfukoni mwake.

Wa pili aliuliza bei kabla ya salamu,
kisha akauliza kama hakuna mdogo zaidi.

Wakaja wa Vítkovice, watoto watatu na keki ya mbegu za popi.
Yule wa kati akamnyanyua kwa mguu mmoja
na mama yao akacheka.
Mguu wenyewe mwembamba kama penseli;
mbwa wa aina hii huvunjika kwa kuruka tu kochi.
Nikasema nimeshampa mtu. Uongo.
Na keki yao nikaila.

Nimekuwa kama baba wa mwari:
kila posa naitazama kasoro.
Dada yangu Květa akanipigia simu:
"Unamtafutia mbwa nyumba,
au unamtafuta mama?"
Nikakata.

Alhamisi, theluji ya majimaji,
akaja Bi Ludvika Hanzelková, fundi saa mstaafu.
Hakumgusa. Hakumwita kwa kumpigia mluzi.
Alivua buti, akakaa sakafuni na koti lake,
akaanza kumenya chungwa.
Maswali akaniuliza mimi.
Analala ubavu gani?
Kula, anakula akitazamwa au akiachwa?
Anaogopa nini?

"Mashine ya kuvuta vumbi," nikasema.
Halafu, sijui kwa nini:
"Na kimya. Tangu mwezi wa kwanza."

Akafikiri, kipande cha chungwa mkononi.
"Kwangu kuna saa kumi na tisa za ukutani," akasema,
"na hazikubaliani hata mbili.
Kimya nilichonacho hakifiki nukta."

Haragwe likatoka chini ya kabati,
likaiba ganda,
likapiga chafya, likarudi.
Ni hayo tu. Hakumrukia mapajani
kama ningependa kusimulia.

Nikampa daftari la chanjo, kamba, blanketi lenye tundu.
Kiatu kikanishinda kidogo.
Nilikishika, nikakiweka, nikakishika tena.
"Usiku wa kwanza atakihitaji," akasema,
akakipokea kwa mikono miwili.

Sasa saa kumi na moja na dakika arobaini
napita chini ya dirisha lake.
Kanuni zinakataza kupiga kengele bila sababu.
Napiga mara moja.
Abiria mmoja tu, mlinzi anayesinzia, hufumbua jicho.

Jumapili nilimwambia mama.
Aliuliza kama anakula. Anakula.
Kama anabweka. Saa zinapogonga, kila saa kwa zamu yake,
na zote kumi na tisa.
"Na kiatu changu?"
"Anacho."
"Cha kushoto," akasema, si kwa kuuliza,
akavuta sahani ya supu karibu.