Njegere za Edna Sugden

Maili mbili na robo. Dakika saba,
nane kama mvua imegandisha majani juu ya reli.
Ossley, Tanner's Row, Carr Bottom. Basi.
Kisha nazima, nashuka, natembea hatua thelathini na moja
kando ya behewa langu moja,
napanda upande wa pili, na nyuma imekuwa mbele.
Carr Bottom, Tanner's Row, Ossley.

Mama akinipigia simu huuliza: leo umefika wapi?
Namjibu: nilikofika jana.
Siku moja nilipiga hesabu nyuma ya pakiti ya majani ya chai:
miaka kumi na mmoja, safari thelathini na nne kwa siku,
toa likizo, toa migomo, toa ile wiki ya theluji.
Nimeizunguka dunia mara saba
wala sijatoka nje ya vitongoji vya Leeds.

Walioijenga hawakuwa na haja na watu.
Ilikuwa njia ya ngozi mbichi, mwaka 1868:
ngozi zikipanda, viatu vikishuka.
Abiria walitiwa baadaye, kama chumvi iliyosahauliwa,
behewa moja mkiani,
wakafika kazini wananuka kiwanda
kabla hawajakiingia.
Nyumba zikaifuata reli, matofali mekundu, zimepeana mgongo.
Ikalazwa reli ya pili sambamba na ya kwanza.
Kuna wakati treni zilipishana Tanner's Row kila robo saa,
Jumapili pia.

Mwaka 1965 likabandikwa tangazo: tawi hili halina watu.
Bwana wa wizara alikuja kuhesabu
wiki ya Agosti, shule zimefungwa, kiwanda kimefungwa,
hata kasisi kaenda ufukweni.
Akaandika: kumi na wanne.

Edna Sugden, mfungua lango la kivuko,
hakubishana naye. Alimpa chai.
Kesho yake akanunua njegere kavu.
Kila kichwa kilichopita dirishani,
njegere moja ndani ya ndoo.
Mvua, ukungu, mafua yaliyomlaza mumewe Wilf:
njegere.
Mwaka ulipotimia akaingia ukumbi wa baraza
na magunia matatu juu ya toroli la mizigo,
akayapanga mbele ya meza ya mwenyekiti.
"Hao hapo," akasema. "Hesabuni."

Hakuna aliyehesabu.

Hawakuifunga. Walifanya kama aliyeapa hatachinja kuku,
kisha akamkata bawa.
Reli ya pili iling'olewa; mataruma yake ndiyo haya
yanayozuia udongo kwenye bustani za Carr Bottom.
Jumapili ikafutwa. Robo saa ikawa nusu saa,
treni ya mwisho saa tano na dakika kumi na mbili usiku.
Na njegere zikapikwa, mtaa mzima, kwa minti na siki.
Walikaa wakawala abiria wao.

Haya nilipewa na mpwa wake, Clifford,
apandaye ya saa nne asubuhi, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
kwenda kusafishwa damu hospitalini.
Akaniinamia: "Alihesabu na mbwa, unajua.
Na mtoto wa Bi. Jessop,
tangu mimba ya miezi minne."

Siku hizi huhesabu jicho jekundu juu ya mlango.
Mlango wangu wa dereva umekwama tangu Februari.
Nimejaza fomu mbili.
Basi natumia wa abiria: natoka, naingia,
natoka, naingia,
na kila mara jicho linaniona mtu mpya.
Ripoti ya mwezi jana ilisema:
Carr Bottom, safari za usiku, abiria wameongezeka.
Wanafikiria kuirudisha Jumapili.

Fomu ya tatu imo mfukoni.
Imejazwa. Ina hata sahihi.

Saa tano na dakika kumi na mbili. Jukwaa tupu,
mbweha mmoja kando ya pipa.
Nashuka. Hatua thelathini na moja.
Napanda.
Njegere.