Kicheko Kiko Sura ya Ngapi

Zoezi la kwanza halikuwa la kuandika.
Dokta Urasa alifunga dirisha la upande wa barabara ya Rau,
akasema: Tajeni.
Bila kukohoa. Bila "kule". Bila "vile vitu".
Uume. Uke. Kinembe. Korodani.
Tulikuwa kumi na mmoja, watu wazima,
mmoja mchungaji, mmoja mganga mkuu mstaafu,
na mimi, mkunga wa miaka tisa wodi ya wazazi,
mikono hii imepokea watoto nisioweza kuwahesabu,
ulimi ukagoma mlangoni kama mbuzi aliyeona mvua.

"Mnaita sehemu za siri," alisema.
"Siri kwa nani? Mwenyewe mmemficha asijijue,
kisha mnamwuliza panauma wapi."

Watu huniuliza njia. Njia haina kibao.
Nilianza na cheti cha uuguzi, Machame,
sare ya kuazima, viatu vya dada;
kisha stashahada; kisha shahada ya ushauri nasaha
iliyolipwa na magunia saba ya kahawa
na ng'ombe mmoja tuliyemwita Shilingi.
Kisha homoni na mishipa ya damu,
dawa za presha na kile zinachochukua usiku bila kuaga,
kisha sheria, kisha maadili,
kisha saa mia tatu na kumi za kukaa na watu,
msimamizi nyuma yangu akihesabu
si niliyosema, bali niliyoweza kuyameza.

Saa ya arobaini alikuja fundi pikipiki wa Kiborloni.
Alinieleza habari za kabureta.
Namna inavyoziba, namna unavyopiga kiki asubuhi
na chombo kinakohoa tu, hakiwaki,
na mwenye chombo anakuangalia.
Kalamu ilinicheza mkononi. Nyuma yangu karatasi ilisogezwa:
Ngoja.
Dakika ya hamsini na mbili akatazama viatu vyake.
"Na mimi ndivyo," akasema.

Siku moja aliletwa darasani somo kutoka Pasua,
Bi Tatu binti Shomari, kanga mbili, miwani ya kufungwa uzi.
Akakaa mbele, akasikiliza mhadhara wote:
hamu, msisimko, kilele, utulivu,
mishale ikipanda na kushuka ubaoni.
Mwisho akainua mkono kama mwanafunzi.
"Mwalimu, mmechora vizuri.
Na kicheko mmekiweka sura ya ngapi?"
Mganga mkuu mstaafu akafungua faharasa. Akatafuta kweli.

Mama hajawahi kuuliza ninasomea nini.
Kanisani husema, Aikande yuko kwenye afya,
kisha hugeuzia maneno kwenye mvua.
Jumamosi hiyo tulikuwa tunamenya ndizi za mtori,
utomvu umetutia vidole weusi,
akasema bila kuinua macho:
"Tangu baba yako aanze sindano za sukari
analala amegeukia ukuta.
Nimemkosea nini?"

Sura naijua. Naujua ukurasa, najua hata jedwali.
Lakini maadili, somo la kwanza: ndugu si mteja.
Kisu kikaendelea.
"Ni sukari, mama. Si wewe," nikasema,
na hilo tu lilinigharimu saa zote mia tatu na kumi.
Nikamwandikia namba ya mwenzangu aliye Arusha,
mtu mpole, hana jamaa huku kwetu.

Akaisoma mbali na macho, akaikunja mara nne,
akaitia katika kitabu cha nyimbo, penye nyimbo za mavuno.
"Na huyo naye hutaja?"
"Hutaja, mama."
"Yote?"
"Yote."
Akafunika mdomo kwa mkono wenye utomvu,
mabega yakaanza kumtikisika.
"Basi baba yako," akasema alipopata pumzi,
"atakwenda na koti lake la Krismasi."