Kuangua

Njoro, miezi ya ukungu, jua halionekani hadi saa nne.
Kutoka dirisha la jikoni naona mkalitusi wa reli,
na kwenye panda yake ya tatu tita la vijiti,
pana kama ungo wa kupepetea ngano.
Vipanga wawili. Mikia myekundu kama matofali mapya.

Nilianza kuhesabu tarehe tisa Julai
kwenye kalenda ya chama cha maziwa,
kalamu ikining'inia kwa uzi.
Kimosop, aliyelinda msitu wa Mau miaka ishirini na sita
akastaafu na goti bovu na darubini ya serikali
ambayo hakuna aliyekumbuka kuidai,
alisema: siku arobaini, ikizidi sana moja.

Jike akaatamia. Mvua ya mawe ikapiga,
akajitandaza kama mwavuli uliovunjika mbavu.
Dume akaleta fuko, wale wale wanaotumalizia viazi,
na kila asubuhi kitawi kibichi,
leo cha mkalitusi, kesho cha mtarakwa.
Sijui ni dawa au ni adabu tu.

Siku ya arobaini nilichemsha chai mapema.
Ya arobaini na moja pia.

Ng'ambo ya ua Wangeci alikuwa akipiga debe.
Vifaranga kumi na mmoja tangu Pasaka, alisema,
na aliyewala ni huyo huyo juu.
"Mayai yake viza. Mungu amefunga hesabu."
Nilicheka. Nakiri nilicheka,
kisha nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Viza.
Neno linalonuka hata kabla hujalivunja.
Muuguzi wa Nakuru hakulitumia, mwaka ule;
alisema mengine, kwa sauti ya chini, akijaza fomu,
na Kimosop kwenye benchi alikuwa ameshika
kofia ndogo ya sufi, ya manjano,
bei yake haijabanduliwa.

Siku ya hamsini. Bado anayageuza
kwa mdomo ule ule unaopasua panya,
taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto usingizini
ili shavu lisipate alama za mkeka.
Wangeci akaniuliza juu ya ua, debe liko chini:
"Bado amelala?"
Bado.
"Mjinga," akasema.
Lakini hakuliokota debe.

Lugha yetu ni bahili wakati mwingine:
kifaranga huanguliwa, kicheko huanguliwa,
na kilio nacho huanguliwa, kwa kitenzi hicho hicho.
Niliwafundisha hivyo darasa la sita,
chaki mkononi, miaka na miaka,
nikiwasahihishia sentensi zao
bila kusikia ninachosema.

Siku ya hamsini na tatu alisimama ukingoni mwa kiota,
akanyoosha bawa moja, halafu la pili,
kama mtu aliyeketi sana kwenye gari.
Hakulia. Aliruka tu, chini chini, kuelekea Rongai.
Kunguru walifika kabla ya adhuhuri.
Kimosop akaifunika darubini kwa kitambaa,
akasema goti linamuuma, akaingia ndani.

Jioni dume alirudi na kitawi kibichi.
Akakiweka. Akakisogeza kidogo kushoto.
Akangoja.

Na kesho yake.

Nimeacha kuandika siku,
ila kalamu sijaitoa; inaning'inia pale pale,
na upepo wa mlango wa nyuma ukija
huchora vijistari vyepesi
kwenye tarehe ambazo hazijafika.